Mnyoo Asiyeshika Rangi

Hotuba hii niliitoa jioni moja mbele ya walimu na wanafunzi wa baiolojia. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nilichoondoa ni pale nilipojirudia, na zile dakika ambazo umeme ulikatika.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wageni ambao najua mmevutwa na chai itakayofuata: habari za jioni, na asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na ndala. Marehemu bibi yangu hakuturuhusu kwenda shambani pekupeku baada ya mvua. "Mtaingiwa na safura," alikuwa akisema, na hapo hapo anatutupia ndala zisizolingana, ya kushoto nyekundu, ya kulia buluu. Alikuwa sahihi. Kiluwiluwi wa mnyoo wa safura anakaa kwenye udongo wenye unyevu, hali chochote, anasubiri. Mguu ukipita anaushika, anapenya ngozi, anaingia kwenye damu, na safari yake inaishia utumboni. Hayo bibi aliyajua, walau kwa matokeo yake. Ambalo hakunifundisha, nami sikuwa na akili ya kuliuliza, ni hili: kiluwiluwi yule anajuaje kwamba huu ni mguu? Macho hana. Masikio hana. Jiwe lililopigwa na jua lina joto kama mguu, na majani yanayooza yananuka kuliko mguu wa mtoto yeyote. Bado anauchagua mguu.

Anajua kwa vinyweleo. Ni vinyweleo vichache vilivyo karibu na mdomo wake, vidogo kiasi kwamba ukivipanga kumi kichwa kwa mkia ndipo unapata unene wa unywele mmoja wa kichwani kwako. Wataalamu wanaviita silia, nami nitatumia neno hilo, maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani mnyoo ana manyoya.

Kumchunguza mnyoo wa safura mwenyewe ni taabu, kwa sababu hakui mpaka apate mwili wa mnyama wa kuishi ndani yake. Ndiyo maana watu walimwendea ndugu yake asiye na madhara, Caenorhabditis elegans. Maabarani tunamwita elegans tu. Ana urefu wa milimita moja, haumi, haambukizi, anakula bakteria kwenye matunda yaliyooza na kwenye mboji. Mwili wake ni kama kioo: unamweka chini ya hadubini na kumwona mpaka ndani, akiwa hai. Aliyemtoa jaani akamweka kwenye sayansi ni Sydney Brenner, mtoto wa fundi viatu, aliyezaliwa mwaka 1927 huko Germiston, karibu na Johannesburg. Akiwa Cambridge miaka ya 1960, Brenner alitafuta mnyama ambaye mfumo wake wa neva ni mdogo kiasi kwamba mtu anaweza kuuhesabu wote akamaliza. Makala yake kuu juu ya mnyoo huyu ilitoka mwaka 1974, na mwaka 2002 yeye, John Sulston na Robert Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel.

Na kweli walihesabu wakamaliza. Elegans wengi ni huntha, yaani mmoja ana mbegu za kiume na mayai pia. Huntha aliyekomaa ana seli 959 za mwili. Kati ya hizo, 302 ni seli za neva. Kati ya hizo 302, seli 60 ndizo zenye silia, na mahali pengine popote mwilini mwake huikuti silia hata moja.

Hapo pana jambo linalonikera kidogo kama mwalimu. Vitabu vyetu vya shule vinaitaja silia kwenye Paramecium, yule kiumbe wa seli moja, inavyopiga makasia, kisha kwenye njia ya hewa, inavyosukuma makohozi, basi. Mwanafunzi anatoka akijua kwamba silia ni kasia. Silia za mnyoo huyu hazipigi kasia kamwe. Zimesimama tuli kama antena juu ya bati. Na katika mwili wa binadamu, silia za aina hiyo, moja moja, zisizocheza, ziko kwenye seli nyingi kuliko zile za makasia. Zimmermann aliziona kwenye seli za figo tangu mwaka 1898. Kwa miongo mingi baada yake wengi walizichukulia kama masalia ya kale yasiyo na kazi. Mnyoo ni mmoja wa waliotufungua macho, na jioni hii nataka kueleza alivyotufungua.

Mnyoo ana matundu mawili madogo, moja kila upande wa mdomo. Kiungo hicho kinaitwa amfidi. Kila amfidi ina neva 12. Mwili wa kila neva uko nyuma, jirani na koo; kutoka hapo mkono mwembamba, dendraiti, unanyooka kwenda mbele mpaka kwenye pua, na kwenye ncha ya mkono huo ndipo silia huota. Seli mbili za glia, yaani seli walezi wa neva, zinaizungushia ncha hiyo ala na tundu la kutokea nje. Mkiani kuna kiungo cha aina hiyo hiyo, kidogo zaidi, kinachoitwa fasmidi.

Sasa twende miaka ya 1970. Watu walikuwa wakiwapa minyoo kemikali inayoharibu jeni, kisha wakitafuta kati ya vizazi vyao mnyoo anayeshindwa jambo fulani. Lewis na Hodgkin, mwaka 1977, waliwaeleza minyoo wasiofuata chumvi. Jeni za kundi hilo zinaitwa che. Culotti na Russell, mwaka 1978, waliwatafuta wasioogopa sukari kali. Mnyoo wa kawaida akikutana na ukuta wa sukari nzito anarudi nyuma upesi, maana sukari ile itamnyonya maji mpaka afe. Hawa walikuwa wakiivuka tu. Jeni zao zikaitwa osm. Wengine wakawatafuta wale ambao chakula kikiisha hawaingii katika hali ya kusubiri, ile hali ya kutokula na kuvumilia, inayofanana sana na ya kiluwiluwi wa safura udongoni. Hao jeni zao ni daf. Na kulikuwa na madume walioshindwa kumpata huntha hata akiwa mbele yao.

Mmegundua mtindo wa kutoa majina? Jeni inaitwa, kwa kifupi cha Kiingereza, kwa taabu iliyotokea ilipoharibika. Mimi napenda mtindo huo, unanikumbusha nyumbani. Kwetu tunao kina Shida, kina Tabu, kina Mashaka. Kila jina ni kumbukumbu ya mwaka fulani uliokuwa mgumu.

Basi, malalamiko manne, maabara tofauti, na kila mmoja anadhani ameshika ugonjwa wake. Kisha ikaja rangi.

Mwaka 1985 Edward Hedgecock na wenzake walichapisha mbinu ambayo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa mbinu rahisi na zenye faida kubwa kuliko zote katika baiolojia. Unawaogesha minyoo hai kwenye maji yenye rangi inayong'aa chini ya mwanga maalumu. Unawasafisha. Unawaangalia. Mnyoo mzima wa afya atakuwa na neva sita zinazong'aa kila upande wa kichwa, na mbili kila upande wa mkia, nzuri kama taa za sherehe. Rangi imeingia kwa tundu la amfidi, imefyonzwa na silia, imepanda kwenye dendraiti mpaka kwenye mwili wa neva. Mnyoo ambaye silia zake ni mbovu habadiliki. Unamwona giza tupu. Haishiki rangi.

Wale minyoo wa che, wale wa osm, wale wa daf, walipoogeshwa, wengi wao hawakushika rangi. Mwaka uliofuata Perkins na wenzake waliwakata vipande vyembamba mno na kuwatazama kwa hadubini ya elektroni, wakaona sababu. Kwa huyu silia ni fupi, kwa yule ncha imekatika, kwa mwingine imevimba kama rungu, kwa mwingine haikufika kwenye tundu. Aliyeshindwa chumvi na aliyeshindwa sukari na dume aliyeshindwa kupata mchumba walikuwa na ugonjwa mmoja. Naomba mliweke hilo akilini, nitalirudia nikifika kwa watu.

Silia inajengwaje, basi?

Kwanza, neva yenyewe inafikaje puani. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani dendraiti inaota kama mzizi, inakwenda mbele ikipapasa. Mwaka 2009 Maxwell Heiman na Shai Shaham, wakiwa New York, walionyesha kwamba kwenye amfidi mambo ni kinyume. Seli changa inazaliwa karibu na pua. Inatia nanga pale pale kwenye ncha, kisha mwili wake unarudi nyuma, na dendraiti inanyooka katikati. Waliokulia pwani wanaijua picha hii: nahodha anatupa nanga, chombo kinarudi nyuma, amari inajilegeza pima baada ya pima. Nanga ya neva imetengenezwa kwa protini mbili, DEX-1 na DYF-7, zinazofanana na protini zilizo kwenye sikio la ndani la binadamu. DYF-7 ikiharibika nanga inang'oka: mwili wa seli unarudi nyuma kama kawaida, lakini ncha nayo inakokotwa kurudi, na silia inaishia kuota ndani kabisa, isiweze kugusa ulimwengu. Na jina la jeni limeshawaambia: dyf, asiyeshika rangi.

Pili, msingi. Sentrioli, kile kichombo kilichokuwa kikisaidia seli kugawanyika, kinapanda mpaka kwenye ncha ya dendraiti na kuanzisha msingi wa silia. Kwa mnyoo huyu jambo la ajabu linafuata: kazi ikishaanza, sentrioli inamomonyoka. Ni kama mbao za zege. Zege likikauka fundi anazing'oa. Sisi binadamu hatuzing'oi. Juu ya msingi kuna kizingiti kifupi, mikromita moja hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, chenye viunganishi vyenye umbo la herufi Y vinavyoufunga utando kwenye mirija ya ndani. Hicho ni lango. Si kila protini ya seli inaruhusiwa kupita pale, na si kila iliyo ndani inaruhusiwa kutoka.

Tatu, nguzo. Ndani ya silia kuna mirija tisa midogo iliyopangwa duara, kila mmoja ukiwa pacha. Pacha hao wanakwenda mikromita nne hivi, kisha mmoja wa kila pacha anaishia, na mirija tisa isiyo na pacha inaendelea mikromita mbili na nusu nyingine mpaka nchani. Jumla na lango lake ni kama mikromita saba na nusu.

Nani anayetoa amri ya kujenga yote haya? Mwaka 2000 Peter Swoboda na wenzake walieleza kazi ya jeni daf-19. Protini yake inatafuta kwenye DNA kipande kifupi cha herufi kinachoitwa kisanduku cha X, kilicho mbele ya jeni zinazohusika na silia, na kuziwasha. Mnyoo asiye na daf-19 hana silia kabisa, hata kisiki. Na kwa kuwa DNA nzima ya mnyoo ilikuwa imeshasomwa tangu 1998, ya kwanza kwa mnyama yeyote, watu wakaanza kupita mtaa kwa mtaa wakitafuta alama hiyo. Mmeona nyumba zilizopigwa X nyekundu na watu wa barabara? Hii nayo ni X, ila aliyepigwa X hapa anajengewa. Jeni nyingi za silia, zikiwemo ambazo madaktari walikuwa wakizitafuta kwa watu, zilipatikana au kuthibitishwa kwa njia hiyo.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, ambayo kwayo mwenyekiti amenionya nisizidishe muda.

Ndani ya silia hakuna kiwanda cha protini. Hakuna hata kimoja. Kila tofali, kila kipokezi cha harufu, kinatengenezwa kwenye mwili wa neva, kinasafirishwa kwenye dendraiti, kinapitishwa langoni, kisha kinapandishwa mpaka nchani. Na nchani ndiko ujenzi unakofanyika, kwa hiyo kadiri silia inavyorefuka ndivyo mzigo unavyokwenda mbali. Bila wachukuzi hakuna silia. Safari hizo ziligunduliwa mwaka 1993 na Keith Kozminski na wenzake katika maabara ya Joel Rosenbaum, Chuo Kikuu cha Yale, kwenye mwani wa seli moja uitwao Chlamydomonas. Walipozipata protini za msafara huo na kuzisoma, mwaka 1998, mbili kati yake zilifanana na protini za mnyoo ambazo zilikuwa zimeshapewa majina: OSM-1 na OSM-6. Wale wasioogopa sukari! Kumbe miaka 20 Culotti na Russell walikuwa wamewashika mahamali bila kujua.

Mwaka 1999 kundi la Jonathan Scholey, huko Davis, California, likaupiga picha msafara huo ndani ya mnyoo aliye hai. Waliziunganisha protini hizo na ile protini ya kijani ya yavuyavu, ambayo Martin Chalfie alikuwa ameionyesha ndani ya mnyoo huyu huyu mwaka 1994, wakaona vidoa vya kijani vikipanda na kushuka. Nimeitazama filamu ya namna hiyo mara nyingi. Ni kama kutazama magari usiku kwenye barabara moja ya kupanda mlima.

Hamali wa kupanda ni wawili, jamii ya protini ziitwazo kinesini. Mmoja ni kinesini ya pili, na mwingine ni OSM-3. Mwaka 2004 kundi hilo hilo la Scholey lilipima mwendo wao. Kinesini ya pili peke yake inakwenda nusu mikromita kwa sekunde. OSM-3 peke yake inakwenda mikromita 1.3. Wakibeba mzigo mmoja pamoja, kwenye sehemu ile ya mirija pacha, mwendo ni 0.7. Hesabu hiyo ina raha yake: mwepesi anacheleweshwa na mzito, mzito anaburuzwa na mwepesi, kama watu wawili waliobeba kitanda, kijana mbele na mzee nyuma. Pacha zikiisha, mzee anaishia hapo na kurudi. Kijana anaendelea peke yake na mzigo, na mwendo unarudi 1.3. Safari nzima ni sekunde nane hivi. Ukiivunja OSM-3, ncha ya silia inakosekana na sehemu ya chini inabaki salama, maana mzee bado anafika mpaka mpaka wake.

Kurudi ni kazi ya hamali mwingine, daineni, ambaye jeni yake ni che-3. Huyu akivunjika matokeo yake yanaeleweka kirahisi na mtu yeyote aliyewahi kuishi kwenye jumba ambalo gari la taka haliji. Mizigo inapanda, haishuki, na silia inavimba, inafupika, inajaa vitu vilivyokwama.

Mwalimu mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, silia ikishamaliza kujengwa si mahamali wapumzike? Hapana. Kwenye ule mwani kuna aina ambayo kinesini yake inafanya kazi kwenye ubaridi na kukoma kwenye joto. Ukiupasha moto mwani ambao tayari una silia ndefu nzuri, silia hizo zinaanza kufupika zenyewe. Kitu kile kinabomoka nchani muda wote, na kinaonekana kimesimama kwa sababu tu kuna anayeleta.

Sasa harufu. Mwaka 1996 Piali Sengupta, Joseph Chou na Cornelia Bargmann, San Francisco, walitangaza kipokezi kiitwacho ODR-10. Kazi yake ni kunusa daiasetili, ile kemikali inayoipa siagi, na bisi za dukani, harufu yake. Elegans anaipenda, anaifuata. Kipokezi hicho kiko kwenye silia za neva moja, AWA, ambazo zina matawi kama mti. Hakikai mahali pengine. Kuna protini nyingine, ODR-4, inayokisindikiza; isipokuwepo, kipokezi kinatengenezwa vizuri kisha kinabaki ndani ya mwili wa neva, kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege hana wa kumpokea. Mnyoo hanusi siagi ingawa pua yake anayo.

Mwaka uliofuata maabara ya Bargmann ikafanya utundu. Walimchukua mnyoo asiye na ODR-10, wakakiweka kipokezi hicho kwenye neva nyingine, AWB, ambayo kazi yake ya kawaida ni kunusa vitu vya kukimbia. Mnyoo yule aliponusa siagi, alikimbia. Harufu ni ile ile, kipokezi ni kile kile, ila kimepigwa hodi kwenye mlango mwingine. Kupenda na kuchukia hakukuwa kwenye kipokezi hata kidogo. Kulikuwa kwenye neva na pale inapopeleka habari zake. Nilipoisoma kazi hiyo mara ya kwanza nilifunga karatasi nikatoka nje kutembea.

Neva nyingine zina tabia zao. ASH ndiyo inayoogopa sukari kali. AFD inapima joto, na ncha yake imejaa vidole vidogo vidogo. Ikue Mori na Yasumi Ohshima walionyesha mwaka 1995 kwamba ukiiua neva hiyo mnyoo hawezi tena kulifuata joto alilozoea. Minyoo wanaopenya ngozi nao hulifuata joto la mwili kwa neva za amfidi. Bibi, ukinisikia, sehemu ya jibu ndiyo hiyo. Pia minyoo wenye silia mbovu wanaishi muda mrefu kuliko wenzao, kama Javier Apfeld na Cynthia Kenyon walivyoripoti mwaka 1999. Msiniulize kama hiyo ni sababu ya kuziba pua.

Nilisema nitarudi kwa watu. Mwaka huo huo wa 1999, Maureen Barr na Paul Sternberg walimtafuta dume asiyeweza kupata mahali pa kupandia huntha. Jeni iliyoharibika waliiita lov-1. Walipoisoma, ilikuwa ndugu wa jeni ambayo kwa binadamu inaleta figo zenye vifuko vingi vya maji, mojawapo ya magonjwa ya figo ya kurithi yanayopatikana sana duniani. Na protini yake ilikuwa imekaa kwenye silia. Mwaka 2000 Gregory Pazour na wenzake wakafunga mzunguko kwa njia nyingine: kulikuwa na panya mwenye figo za namna hiyo, jeni yake ikiitwa Tg737, na hakuna aliyejua inafanya nini. Walionyesha kwamba ni jeni ya mchukuzi wa silia kwenye ule mwani, na kwamba silia za figo za panya huyo zilikuwa fupi. Kwa mnyoo jeni hiyo inaitwa osm-5. Ile antena iliyodhaniwa ni masalia tangu 1898 ilikuwa na kazi, na ikikosekana figo inaharibika.

Kisha fikirini mtoto aliyezaliwa na vidole sita, ananenepa kupita kiasi, usiku haoni vizuri na baadaye mchana pia, na figo zinachoka. Anapelekwa kwa daktari wa macho, halafu wa figo, halafu wa lishe. Ugonjwa huo unaitwa Bardet-Biedl. Jeni zake nyingi zipo kwa mnyoo, na Guangshuo Ou na wenzake katika kundi la Scholey walionyesha mwaka 2005 zinachofanya: zinawafunga pamoja wale mahamali wawili. Zikiharibika mzigo unagawanyika, mzee anabaki na nusu yake akienda 0.5, kijana anaondoka na nusu nyingine kwa 1.3. Jicho nalo limo humo. Sehemu ya seli ya jicho inayopokea mwanga ni silia iliyobadilika umbo, na hujifanya upya takriban kila siku kumi, na kila kitu chake kinapita kwenye shingo moja nyembamba ya silia. Mahamali wakigombana pale, haichukui muda mrefu. Macho, figo, unene: malalamiko matatu, kliniki tatu, na chini yake wachukuzi wale wale tuliowaona kwa mnyoo asiyeshika rangi.

Moja la mwisho, kwa sababu linatuhusu. Dawa ya ivermektini, inayogawiwa katika sehemu zetu dhidi ya usubi, na pamoja na dawa nyingine dhidi ya matende na mabusha, inaua elegans pia. Maabarani, minyoo wa dyf wanastahimili kiasi cha dawa kinachowaua wenzao. Mnyoo aliyeipoteza pua yake amekuwa mgumu kumtilia sumu. Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti, sihitaji kuongeza neno.

Mezani pale kuna hadubini mbili na visahani viwili, vimeandikwa A na B. Katikati ya kila kimoja msaidizi wangu amechora duara la sukari nzito iliyotiwa rangi, na ndani ya duara ameweka minyoo 20. Wa kisahani kimoja ni wa kawaida. Wa kingine ni osm. Ni kipi ni kipi sijui hata mimi. Jibu liko kwenye karatasi mfukoni mwake, na nimemkataza kutabasamu. Tazameni kwa dakika kumi, hesabuni waliovuka mstari, andikeni namba ubaoni. Kisha chai.